Maswali yenu: betri, mrututu na mgongo wazi

Samaki wangu wa kizimba wamekufa wote alfajiri. Ni sumu ya viwanda? (Mfugaji, Dunga)

Hili ni la nne mwezi huu, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kama alipima oksijeni. Samaki wakitwetea juu ya maji alfajiri kisha wakafa kwa mkupuo, mara nyingi wamekosa hewa. Metali nzito za viwandani, kama risasi na zebaki, kwa kawaida huua polepole. Pima kwanza, halafu tulaumu viwanda.

Kama metali haziwaui samaki mara moja, wanadhurika vipi? (Mwanafunzi, Maseno)

Anza na matamvua. Samaki wa maji baridi (yasiyo ya chumvi) hupoteza chumvi mwilini saa zote na kuirudisha kupitia hapo. Shaba huvuruga kazi hiyo. Kadimiamu na zinki hugombania njia ya kalsiamu. Tamvua likichokozwa hutoa ute, na ute ukizidi hewa haipiti. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, kalsiamu ya kumkinga samaki ni haba, kwa hivyo kiasi kidogo tu humuumiza. Ataogelea na kula, lakini hakui vizuri na mayai yake yanaharibika. Mvuvi atasema tu, "Siku hizi wamedumaa."

Niweke mrututu bwawani kuua mwani? (Ahero)

Mrututu ni shaba. Soma jibu la juu.

Nauza mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyotolewa mnofu. Wateja wanadai sumu iko mifupani, mnofu ni safi. (Mama samaki, Obunga)

Wamepata nusu. Risasi hupenda mifupa, kadimiamu hukaa kwenye maini na figo. Toa matamvua na matumbo, usiyatie kwenye supu. Lakini zebaki hukaa kwenye mnofu wenyewe, na huzidi kadiri samaki anavyokula wenzake: mbuta (sangara) mkubwa humshinda omena (dagaa) mbali. Kukaanga hakuiondoi. Ukitaka kujua inakotoka, nenda machimbo ya dhahabu Migori uone watu wakiikanda kwa mikono mitupu. Mto wa huko huishia ziwani humu humu.

Maji ya betri nayamwaga mtaroni, mvua inasafisha. Kuna ubaya? (Fundi, Kibuye)

Mvua haisafishi, inasafirisha. Juzi nimemtazama mwenzako akiinamisha betri ya matatu: maji yalitangulia, kisha uji wa kijivu ukafuata, mzito kama tope. Uji huo ni risasi. Hauozi. Ukifika ziwani unatulia chini, mahali mumi (kambare) na kamongo wanapochimbua chakula. Petroli yenye risasi tuliiaga tangu 2006. Nyinyi mnairudisha kwa mtaro! Uza betri nzima, na maji yake ndani. Na unawe mikono, ubadilishe shati, kabla ya kumbeba mtoto.