Laptopu inayochemka: nyuzi ngapi ni salama?

Ndugu yangu wa Moshi, umeeleza kwamba laptopu yako hufika nyuzi 94 unapohariri video, kisha huanza kujikokota huku feni ikivuma, nawe unahofu kwamba prosesa, yaani chipu inayoendesha kazi zote za kompyuta, itaungua. Haitaungua ghafla, kwa sababu prosesa nyingi za Intel za laptopu zimewekewa kikomo cha takriban nyuzi 100 za Selsiasi, na zinapokikaribia hujipunguzia kasi zenyewe. Kujikokota huko ndiko kujikinga kwake. Hata hivyo, nyuzi 40 hadi 55 kwa kazi nyepesi, na 70 hadi 85 kwa kazi nzito, ndizo ninazoziona za kawaida, ilhali kukaa juu ya 90 kwa saa nzima si jambo la kupuuza.

Ninalolishuku kwanza ni vumbi la kiangazi. Nilipoifungua yangu, nilikuta kati ya feni na vibati vya shaba vya kupoza joto utando wa kijivu, mzito kama kipande cha blanketi, nikaubandua mzima kwa kibanio. Zima mashine, chomoa chaja na betri, shikilia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno yasizunguke, ndipo upulize. Ikiwa imetumika miaka mingi, fundi abadilishe pia pesti ya kupitisha joto. Na tafadhali, usifanyie kazi juu ya godoro, kwani matundu ya chini huzibwa kabisa. Joto likibaki vilevile, fundi aikague feni yenyewe.