Nyimbo za babu askari: usizikalishe kitini

Ndugu uliyeuliza kama unaweza kutoa albamu ya nyimbo za babu yako askari na kuimba "mimi", wakati wewe hujashika hata bunduki ya mbao: imba tu. Hilo halina neno. Mimi nimeshtuka hapo uliposema utakaa na gitaa, peke yako.

Babu yangu (sisi wa Lubumbashi tunasema nkambo) alikuwa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji, akapelekwa Abisinia (Ethiopia) kupigana na Wataliani. Walipitia Sudan, wakapanda milima hadi mji wa Saio, ambako Jenerali Gazzera wa Wataliani alijisalimisha Julai 1941. Vitabu vinaitukuza siku hiyo. Nkambo, katika nyimbo zote nilizomrekodi kwa kaseti mwaka 1994, aliitaja Saio mara moja tu, maana huko ndiko kiatu chake kilikoachia soli. Zilizobaki ni chumvi iliyokwisha, mvua, kuhara, sajenti anayekula peke yake, na mke aliyeachwa kambini. "Mimi" alilitumia akilalamika. Pakifika pa ushujaa, ghafla ni "sisi". Sikiliza vizuri kanda zako, huenda na wako ni hivyohivyo.

Sasa kosa langu. Mwaka 2012 nilipeleka kaseti kwa fundi mmoja wa studio. Kijana hodari, sikatai. Akafuta kikohozi, akanyoosha mapigo, akaweka kinanda. Nikaipiga nyumbani, mtaa wa Katuba, shangazi akasikiliza wimbo mmoja na nusu akasema, "Huyu si baba," akarudi kusonga bukari, ugali wetu.

Alikuwa na haki. Nkambo alichechemea, na wimbo ulichechemea naye. Hata siku ya kurekodi, alipokaa alisahau maneno kwenye ubeti wa tatu. Nikamwacha atembee uani, kutoka kwenye mpapai hadi chooni na kurudi, nami nyuma yake na redio ya kaseti begani kama mpagazi. Maneno yakaja yote. Ni nyimbo za miguu hizo. Gitaa la kwetu Katanga nalipenda, lile la vidole viwili la Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952. Lakini lile ni la mtu aliyepumzika.

Kwa hiyo tafuta watu watano au sita wa kuitikia. Wasiwe kwaya ya kanisa, watapanga sauti vizuri mno. Warekodi wakitembea kwenye changarawe. Kiitikio cha Kilingala kiache kilivyo, ndiyo lugha ambayo askari wa Force Publique waliamrishwa nayo. Maana yake iandike kwenye jalada.

Na kama kuna wimbo aliokataa kuurekodi, uache. Wangu alikuwa nao mmoja, wa kijiji fulani njiani. Kila akiufikia alinyoosha mkono mwenyewe akazima redio.

Ukifika Lubumbashi niandikie. Kaseti ya asili ninayo bado, ila redio ya kuichezea imekufa mwaka jana.