Chombo cha anga kutokana na skrepu: beba mtu wa milimita 9 mfukoni

Modeli nyingi za vyombo vya anga huharibika siku ya kwanza kabisa, pale mtu anapoona chupa ya shampuu yenye umbo zuri na kuanza kubandika kabla ya kuamua chombo chake kina ukubwa gani. Amua kipimo kwanza. Kwa 1:200, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 200, mtu wa mita 1.8 anakuwa milimita 9, mlango milimita 10, na matatu ya abiria 14, yenye urefu wa karibu mita 5, inaingia kwenye sentimita 2.5. Modeli ya sentimita 60 basi ni meli ya mita 120. Mchore mtu huyo kwenye kadibodi, mkate, mbebe mfukoni. Kila kipande unachookota kisimamishe kando yake: kitufe cha kibodi kitafaa kuwa kontena, lakini kifuniko cha soda chenye meno 21 kitabaki kifuniko cha soda.

Kwa mwili, bomba la PVC la inchi 2 kutoka hadwea linatosha, sentimita 40 hivi. Printa moja mbovu hutoa karibu nusu ya vipande vilivyobaki: gia, roli, springi na fremu za ndani zenye mbavu. Mafundi wa simu wa Luthuli Avenue, Nairobi, hubaki na fremu na kava wasizozihitaji. Plagi kuukuu za gari kutoka Kirinyaga Road ni mabomba mazuri ya injini, ila ni nzito, na mkia utainama usipoweka nati kadhaa puani.

Sasa plastiki, maana hapa ndipo gundi hulaumiwa bure. Tazama alama ya aina ya plastiki iliyochapwa upande wa ndani. Namba 6, namba 3 na ABS (plastiki ngumu ya kava za vifaa vya umeme) hushika vizuri. Namba 2 na 5 (vifuniko vingi vya chupa, vikopo vingi vya mtindi) hazishiki gundi wala rangi. Leo kitaganda, kesho kitabanduka kizima kama ganda la yai. Zifunge kwa skrubu au waya, au ziache. Vipande vyote vioshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu grisi ya printa haionekani mpaka rangi ikatae.

Supagluu ni ya vipande vidogo tu. Mvuke wake huacha ukungu mweupe, kwa hiyo madirisha yabandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Viungo vikubwa vikwaruze kwa msasa namba 120, kisha tumia epoksi ya mirija miwili, kiasi sawa kwa sawa. Nyufa zijaze kwa fila ya mafundi wa bodi za magari: fila ya ukubwa wa ndimu kwa kigandishi cha ukubwa wa njegere. Huganda kwa dakika chache, kwa hiyo usichanganye ya kesho.

Usijaze vipande kila mahali. Theluthi mbili za uso ziwe tupu, na vidogo vikusanyike kwenye mifereji, kuzunguka injini na chini ya tumbo. Futa nembo na namba, na gia ikate nusu ili meno yasiitambulishe.

Taa hutangulia rangi. LED nyeupe ya volti 3.2 kwa betri ya volti 9 huhitaji rizista (kipande cha kupunguza umeme) ya ohm 330. Bila hiyo inaungua papo hapo. Paka ndani ya bomba rangi nyeusi, la sivyo mwanga utapenya kwenye kuta nyembamba na meli ya mita 120 itafanana na kibuyu chenye mshumaa.

Mwisho praima (rangi ya msingi) ya kijivu, ambayo ndiyo hugeuza takataka kuwa kitu kimoja. Puliza kutoka sentimita 25, tabaka tatu nyepesi, dakika 15 kati yake. Usipulizie juu ya povu jeupe la kufungashia, litayeyuka. Siku ya mvua za masika ahirisha, kwani unyevu huifanya rangi ya selulosi iwe na weupe kama maziwa. Kisha iache saa 24 bila kuigusa: kwa kipimo hiki, alama ya kidole ya milimita 15 ni shimo la mita 3.