Kuunga kwa shaba: tazama chuma, si fimbo

Mkuu, umesema Peugeot 404 uliyorithi kwa babu imepasuka mabano ya fenda na paipu ya mafuta ya chuma, fundi wa kuchomelea kwa umeme ameshakutobolea bati mara mbili, na sasa unataka kujifunza kuunga kwa shaba mwenyewe. Umefikiri vizuri. Bati la gari kuukuu limeshaliwa na kutu, umeme unalitoboa kabla hujainua mkono. Shaba ya njano huyeyuka kwenye nyuzijoto 900 hivi, chuma ni karibu 1,500. Kwa hiyo chuma chako hakiyeyuki, shaba ndiyo inayopenya katikati na kushika.

Mimi nilijifunzia Kizota, hapa Dodoma, kwa mzee mmoja anayechomelea kwa gesi, wakati nahangaika na Land Rover 109. Mwanzoni moto nilikuwa naupeleka kwenye fimbo, yaani ule ufito wa shaba unaoyeyushwa, badala ya kwenye chuma. Shaba inadondoka, inakaa juu ya chuma kama tone la maji kwenye jani la mgomba, nawe unadhani imeshika. Paipu ya mafuta niliyoiunga hivyo ilianza kuvuja nikitoka Kongwa, petroli inachuruzika jirani na ekzosi. Namshukuru Mungu niliwahi kusikia harufu. Nilipompelekea mzee, aliibana kwa koleo, akaipinda kidogo, shaba ikabanduka nzima kama gamba. Chini yake chuma kilikuwa bado cheusi.

"Achana na fimbo," akaniambia. "Tazama chuma."

Piga msasa mpaka king'ae pande zote mbili, na ukishamaliza usikiguse tena kwa vidole, grisi hufukuza shaba. Vipande vikaribiane, mwanya usizidi unene wa karatasi, maana shaba hupanda yenyewe humo kama mafuta ya taa kwenye utambi. Paka boraksi, ule unga mweupe unaosafisha chuma kikiwa motoni ili shaba ishike. Tembeza moto kwenye vipande vyote viwili, ukianza na kile kinene. Boraksi itachemka, itavimba nyeupe, kisha italala na kuwa majimaji maangavu kama kioo, na chuma chini yake kitaanza wekundu hafifu. Hapo gusisha fimbo kwenye chuma, chuma chenyewe kiiyeyushe. Ukiona shaba inatambaa na kupotelea ndani ya kiungo, umeipata. Siku niliyoiona mara ya kwanza nilizima gesi nikakaa kuitazama tu.

Moshi mweupe ukitoka, umezidisha moto na zinki iliyomo ndani ya shaba ya njano inaungua. Usiuvute, utakuletea homa ya kutetemeka usiku. Fanyia kazi nje, ila huu upepo wetu wa kiangazi unaiba joto lote, kwa hiyo panga matofali ukingie.

Paipu ya mafuta ifungue kwanza, ioshe, ikauke kabisa. Tanki la petroli usilisogezee moto hata likiwa tupu, mvuke uliobaki unatosha kukuua. Paipu za breki na vyuma vya usukani nunua vipya, hapo sibishani na mtu. Na palipopita shaba, ukitaka baadaye kupachomelea kwa umeme, saga shaba yote iishe, la sivyo patapasuka.

Anza na bati chakavu. Unga vipande viwili, vibane kwenye jiliwa, vipige nyundo. Siku bati litakapopinda na kiungo kikabaki, ndiyo uiguse 404.