Kazi ya darasa ya Wikipedia: usikimbilie makala ya mauaji

Mhadhiri wetu wa sheria ya jinai alitupa kazi ambayo hatukuizoea. Kila mmoja achague makala moja ya Wikipedia ya Kiswahili, aiboreshe kwa wiki nne, na atakachosahihisha yeye ni historia ya ukurasa, yaani orodha inayoonyesha nani alibadilisha nini na lini. Nilitoka darasani najiona nimegawiwa maksi za bure.

Nikachukua mauaji, na hapo ndipo nilipoingia mkenge. Aya tatu za kwanza zilitoka jioni moja. Nilipofika kwenye adhabu nikakwama. Tanzania Bara, kuua kwa kukusudia ni kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu iliyoandikwa ni kifo. Kenya nako jaji hakuwa na hiari ya kutoa adhabu nyingine mpaka Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliposema katika shauri la Francis Muruatetu kwamba kumlazimisha hivyo ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, nayo ikaikosoa Tanzania kwa jambo hilohilo katika shauri la Ally Rajabu. Hapo Uganda sijaigusa, na Kongo wana sheria ya asili ya Kibelgiji kabisa. Wiki ya kwanza ikaisha, makala haina kichwa wala miguu.

Kwa hiyo wadogo zangu, vichwa kama "Jinai", "Adhabu" na "Mauaji" waachieni wenye mwaka mzima. Tafuta kosa ambalo maana yake inakaa kwenye kifungu kimoja au viwili.

Mimi nikahamia kwenye wizi, kifungu cha 258. Ndani yake kuna sharti dogo ambalo baba yangu, mwenye duka, alinisomesha mara mbili: mtu hahesabiwi kuwa amechukua kitu mpaka akisogeze au asababishe kisogee. Nikaandika mfano: mkono ukiwa juu ya simu iliyo kaunta, bado, simu ikisogea hata kidogo, na nia ya kuiba ipo, amekwisha kuichukua. Niliupenda sana mfano ule. Asubuhi yake nikakuta umefutwa, na sababu ni ya haki: niliutunga mwenyewe, na kamusi elezo haipokei mambo ya kutunga. Ikabidi niingie TanzLII, ambako hukumu zinasomwa bure, nisake kesi. Bora uisake hiyo hukumu kabla hujajiandikisha kwa makala. Usipoipata kwa saa moja, badilisha.

Kosa langu la pili linanitia aibu mpaka leo. Nilianza na "Nchini Tanzania, wizi ni..." Mtu akaniachia maneno matatu kwenye ukurasa wa majadiliano: "Na Zanzibar je?" Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, Na. 6 ya 2018, na mimi mwanafunzi wa sheria nimeimeza kimyakimya. Nikarudi kuandika "Tanzania Bara" kila mahali.

Halafu kuna lugha. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama Tanzania, lakini hukumu nyingi utakazozitegemea ziliandikwa kwa Kiingereza. Jipime mapema: mweleze mtu wa nyumbani kosa lenyewe bila kuchomeka neno la kigeni. "Dhamira ovu" nilimweleza mama akaelewa. Kula njama pia. Kuna makosa ya kibenki niliyojaribu nikaishia kupunga mikono hewani, hayo niliyaacha.

Kesi inayoendelea mahakamani usiiguse, hata ikiwa ndiyo gumzo la mjini. Mwenzangu mmoja alichukua ya namna hiyo, kila gazeti likitoka anafuta alichoandika jana, na juu ya hapo anamwandika mtu aliye hai ambaye bado hajatiwa hatiani.

Ningepewa kazi ile leo ningechukua uzururaji. Ni vifungu vya 176 na 177 tu, vina lugha ya kikoloni inayochekesha na kuudhi, na Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ila fungua historia ya ukurasa kwanza. Darasani kwetu wawili walijikuta kwenye makala moja, wakashinda wiki nzima wanafutiana kazi bila kujua ni nani yuko upande wa pili.