Fremu ya Kaboni ya Miaka ya 1980 Katika Hewa ya Chumvi: Je, Ninunue?

Swali: Shikamoo fundi. Ninakuandikia kutoka Bamburi. Nimepata baiskeli ya mbio aina ya Vitus, mabomba yake ni ya kaboni na viungio ni vya aluminiamu. Ilikuja na mitumba kutoka Ulaya, kisha ikakaa miaka kadhaa barazani kwenye nyumba iliyo karibu na bahari. Rangi imevimba kidogo karibu na krenki, na nguzo ya kiti haipandi, haishuki wala haizunguki. Muuzaji anasema kaboni haishiki kutu, kwa hivyo haina neno. Je, ni salama kuinunua? Naweza kuifunga gia 10 za nyuma? Na je, nikiipaka rangi upya?

Jibu: Marahaba. Kaboni haishiki kutu, hilo ni kweli, lakini kwenye fremu ya aina hiyo kaboni si mahali pa kutazama. Pa kutazama ni pale inapokutana na aluminiamu, na dalili ulizozitaja zote mbili zinatoka hapo. Kwa maelezo yako peke yake, mimi nisingeinunua kwa ajili ya kuipanda.

Nieleze sababu yake, kwa kuwa ukiielewa utaweza kukagua fremu yoyote ya zamani bila kumtegemea mtu. Nyuzi za kaboni hupitisha umeme. Zikigusana na aluminiamu, kisha maji ya chumvi yakaingia kati yao, hutokea betri ndogo ambayo ndani yake aluminiamu ndiyo inayoliwa na kaboni inabaki salama. Ni jambo lile lile linalowafanya wenye meli bandarini Kilindini wafunge vipande vya zinki kwenye chuma cha chombo, ili zinki iliwe badala ya chuma. Tofauti ni kwamba kwenye baiskeli yako kinacholiwa ni kiungio chenyewe. Unga mweupe unaozalika huchukua nafasi kubwa kuliko aluminiamu iliyoutoa, basi unasukuma: unainua rangi, unabana nguzo ya kiti isitoke, na mwisho unaachanisha gundi iliyoshika bomba. Watengenezaji waliolijua jambo hili waliweka tabaka jembamba la nyuzi za kioo katikati ili kaboni na aluminiamu zisigusane, lakini si wote waliofanya hivyo tangu mwanzo, na wewe huwezi kulichungulia tabaka hilo kutoka nje.

Ukitaka kujiridhisha, nenda na tochi, kitambaa cha pamba na sarafu. Toa magurudumu. Pitisha ukucha polepole kwenye mstari ambapo kila bomba linaingia kwenye kiungio, kuzunguka pande zote: mstari uwe laini na mkavu, usiwe na ufa wa rangi wala chembe nyeupe. Pitisha kitambaa kwenye mabomba, kwani nyuzi zilizokatika hukamata pamba. Gonga kwa sarafu kila baada ya sentimita moja au mbili. Mlio mkali ukigeuka ghafla kuwa mzito, huenda matabaka yameachana hapo ndani, ingawa mlio mzuri si hakikisho la uzima. Kisha rudisha magurudumu, simama ubavuni, kamata breki kwa mkono mmoja na ukandamize pedali ya chini kwa mguu, huku mkono mwingine umeuweka penye kiungio cha krenki. Kiungio kilichoachia utakihisi kwa kiganja kabla hujakisikia kwa sikio. Uma wa mbele ni lazima utolewe kabisa kwenye fremu, maana shina lake la aluminiamu limefichwa ndani ya bomba la kichwa na huko ndiko jasho la mpandaji linakotiririkia. Muuzaji akikataa uma usitolewe, mwage salamu uondoke.

Nguzo iliyokwama hutoka kwa subira: mafuta ya kupenya juu, na kwa chini pia baada ya kugeuza fremu na kutoa mhimili wa krenki, siku kadhaa, kisha kuzungusha kwa nguvu ya mikono. Usikubali moto. Gundi na utomvu wa epoksi unaoshikanisha nyuzi hulainika kwa joto ambalo chuma hakilihisi. Wala usiibane fremu kwenye jiliwa ukainyonga, kwa sababu viungio vitaachia kabla ya nguzo.

Kama moyo wako umependa kaboni ya zamani, na sikulaumu, tafuta zile ambazo viungio vyake pia ni vya kaboni. Look KG 86 aliyoipanda Greg LeMond aliposhinda Tour de France mwaka 1986 ni fahari ya historia, lakini nayo ni mabomba ya kaboni yaliyogundishwa kwenye aluminiamu, na kwa Pwani ningeitundika ukutani. Kestrel 4000 ya mwaka huo huo ilikuwa kaboni tupu tayari, ila kuipata si rahisi. Trek zenye kaboni ya OCLV (jina la Trek kwa aina yake ya kaboni), kama 5200 na 5500 zilizoanza mwaka 1992, ndizo ninazozipendekeza kwa mtu anayetaka kupanda: aluminiamu imebaki sehemu chache, hasa bomba fupi la krenki, nalo unaweza kulikagua kwa kulisikiliza na kulishika kama nilivyoeleza. Colnago C40 ya mwaka 1994 ni bora zaidi kwa macho yangu, na Franco Ballerini aliipitisha kwenye mawe ya mbio za Paris–Roubaix na kushinda mwaka 1995, lakini bei yake inapandishwa na jina.

Kuhusu gia 10: pima nafasi kati ya miguu ya nyuma ya fremu, pale ekseli inapokaa. Fremu za gia 6 na 7 aghalabu zina milimita 126, na gurudumu la gia 8 hadi 10 linahitaji 130. Fundi wa fremu za chuma huzitanua bila shida. Fremu iliyogundishwa haitanuliwi hata kidogo, kwa sababu hizo milimita 4 utakuwa unazidai kwenye gundi. Vitus yenye 126 ibaki na gia 7, na kwa barabara zetu tambarare hutapungukiwa kitu mpaka utakapofikiria kupanda kuelekea Mazeras. Kabla ya kuagiza mhimili wa krenki, pima hesi (mikato ya skrubu ndani ya bomba la krenki): ya Kiingereza ina upana wa bomba wa milimita 68 na kikombe (kipande cha mhimili kinachojifunga kwenye hesi) cha upande wa cheni hufunguka kwa kuzungusha kuume, ya Kiitalia ni 70 na vikombe vyote hufunguka kushoto, na fremu za Kifaransa za zamani zina hesi yao yenye kipenyo cha milimita 35 ambayo vipuri vyake ni vya kutafuta. Tairi za kubandika kwa gundi achana nazo katika joto hili. Mipira ya breki nunua mipya bila kujadiliana na mtu.

Ukishaipanda, kila ukirudi kutoka njia ya Mtwapa au kivuko cha Likoni, mwagia maji matamu, geuza fremu maji yatoke, na uiweke ndani, si barazani. Kila mwezi toa nguzo ya kiti, futa, rudisha na mafuta ya kuzuia kukwama ikiwa nguzo ni ya aluminiamu. Matutani inuka kwenye kiti. Ikipasuka, usiipeleke kwa mafundi wa boti za faiba; kazi yao ya boti naiheshimu, lakini wengi hutumia utomvu wa poliesta, na huo haushiki vizuri juu ya epoksi iliyokwisha kukauka.

Rangi? Dawa ya kubambua rangi hula epoksi, rangi ya unga huokwa kwa joto la takriban nyuzi za Selsiasi 180 hadi 200, na mchanga wa kupuliza hukata nyuzi za kaboni. Kinachobaki ni msasa wa maji kwa mkono, kuishia kwenye rangi ya msingi bila kuzigusa nyuzi, kisha rangi ya kupuliza na vanishi inayokinga miale ya jua. Sasa hivi, hata hivyo, usipake chochote juu ya uvimbe ule: ukwangue kwanza kwa ukucha, na ukiona unga mweupe chini yake, mpe muuzaji bei ya magurudumu, gia na breki tu, fremu uihesabu bure.