Mafuriko Yamechukua Mpunga, Mnunuzi Anazidisha Magunia: Je, Hii ni Salam?

SWALI: Assalamu alaykum, Shehe. Mimi ni mjane, nalima mpunga katika bonde la Kilombero. Nilipopungukiwa fedha za palizi nilichukua shilingi 200,000 kwa mnunuzi wa mazao, tukaandikiana kwamba wakati wa mavuno atachukua magunia matano ya lumbesa kutoka jaruba langu la kando ya mto. Maji yakafurika, nikavuna magunia mawili tu, naye akayachukua wakati gunia likiuzwa shilingi 80,000. Sasa anasema matatu yaliyobaki yamekuwa sita, nimlipe msimu ujao. Mhadhiri mmoja ametuambia kuwa hii ni biashara ya salam, yaani kulipia mali sasa na kukabidhiwa baadaye, kwamba mchele haumo katika vitu sita vya riba vilivyotajwa katika hadithi (dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi), na kwamba aliyeridhia hana la kulalamika. Nadaiwa nini mbele ya Mwenyezi Mungu?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, nitangulize hukumu ili moyo wako utulie: hudaiwi magunia sita, wala hudaiwi matatu. Unadaiwa shilingi 40,000, kwa sababu nitakazozieleza.

Salam ni halali, na simpingi mhadhiri katika hilo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja na miwili kabla, akasema, katika hadithi ya Ibn Abbas iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kwamba anayelipia kitu kabla na alipie kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana, mpaka muda unaojulikana. Bei kuwa ya chini kuliko ya sokoni hakuibatilishi, kwa kuwa mnunuzi ametanguliza fedha. Kinachonisikitisha ni jina la salam kutundikwa juu ya mkataba ambao masharti yake ya msingi yamevunjwa, kisha mjane akaambiwa anyamaze.

Tazama karatasi yenu. Imeandikwa gunia la lumbesa, yaani gunia lililojazwa likapitiliza mdomo, likashonewa kilemba juu; huyu hujaza kilo hizi na yule hujaza zile, na mwenye kushindilia kwa mguu ndiye anayeamua. Kipimo kinachojulikana kiko wapi hapo? Ole wao wapunjao, inasema Suratul Mutaffifin, ambao wakijipimia kwa watu hutaka watimiziwe. Kisha mpunga wenyewe umefungwa kwenye jaruba moja. Salam huwa katika dhima ya muuzaji, yaani ni deni juu yake, kwa sifa na kiasi, apate kuutoa popote. Ukishataja jaruba fulani, umeuza zao ambalo bado halijakomaa, na hilo Mtume amelikataza. Katika hadithi ya Anas aliuliza: unaonaje Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda hayo, kwa lipi mmoja wenu atachukua mali ya ndugu yake? Mafuriko yaliyolaza mpunga wako ndiyo hasa aliyoyahofia. (Neno "wakati wa mavuno" nalo madhehebu ya Shafi hayalikubali kuwa muda unaojulikana, ila Imamu Malik ameliruhusu, kwa hiyo silijengei hoja.)

Mkataba ukibatilika, kila mmoja hurudishiwa chake. Alikupa 200,000, amechukua magunia mawili yenye thamani ya 160,000 siku alipoyapokea, zimebaki 40,000.

Hata tukikubali, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba salam yenu ilikuwa sahihi, matatu yasingegeuka sita. Mnunuzi wa salam aliyekosa mali yake ana njia mbili: angoje, au avunje mkataba na kurudishiwa sehemu ya fedha aliyolipa. Kumwambia mdaiwa "ama ulipe, ama uzidishe" ndiyo riba ya zama za Jahiliya yenyewe, iliyokatazwa katika Aali Imran aya ya 130. Hoja ya vitu sita haimsaidii mhadhiri. Sisi Washafi tunauingiza mchele katika riba kwa kuwa ni chakula, kama ngano na shayiri zilizotajwa. Na Dhahiriya, wanazuoni wanaoshika maana ya dhahiri ya matini, waliofunga riba ya mauziano katika vile sita tu, wanasema riba ya mkopo huingia katika kila kitu. Ama kuridhia, tangu lini ridhaa ya mwenye dhiki ikahalalisha alichoharamisha Mola wake? Kila anayekopa kwa riba ameridhia. Ingekuwa hoja, isingebaki riba duniani.

Usilikimbie deni la 40,000, wala usione haya kuomba muda, kwani Al-Baqara aya ya 280 inaamrisha mwenye dhiki angojwe mpaka afarijike. Nenda kwa mnunuzi pamoja na imamu wako na wazee wawili, mkiwa na ile karatasi, na usitie dole gumba kwenye karatasi nyingine yoyote. Akikataa, mfikisheni kwa kadhi wa wilaya. Wewe pia ni miongoni mwa wenye madeni waliotajwa katika At-Tawba aya ya 60 kuwa wanastahiki zaka. Jirani zako waliofikisha nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ambayo kwa mpunga wenye maganda Imamu Nawawi ameitaja kuwa wasaki kumi (wasaki ni kipimo cha kale cha nafaka), wanapaswa kutoa moja ya kumi kwa mpunga wa mvua na nusu ya moja ya kumi kwa ule wa kumwagilia kwa gharama. Waulize wazee wa msikiti zaka hiyo inakwenda wapi.

Nanyi wenye uwezo, mkopo mwema unahitajika mwezi wa palizi, wakati mama huyu anaposimama kwenye tope na vibarua wanadai ujira, si mwezi wa futari peke yake. Msikiti ukitenga mfuko mdogo wa kukopesha bila nyongeza, urejeshwe baada ya mavuno, mnunuzi wa lumbesa hatapata wa kumwandikia.

Msimu ujao, dada yangu, ukilazimika kuuza kabla, andika kilo, aina ya mpunga na tarehe, usitaje jaruba, upokee fedha zote palepale mbele ya mashahidi, na usiahidi zaidi ya kile ambacho ungeweza kukinunua sokoni shamba likikuangusha. Wallahu aalam.